Kijana na Gari la Mbio: Ununue au Usinunue?

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro. Tumeyachapa kwa ajili yako msomaji ambaye hukuwepo siku ile.)

Vijana wenzangu, na wewe msomaji uliyeshika gazeti hili, pengine umelificha ndani ya daftari la Jiografia wakati wa prepo, karibu. Sogea, nafasi ipo.

Safari iliyopita tulipokuja hapa tuliwaachia sanduku la maswali. Mliandika kweli kweli, hongereni. Mengi yalikuwa yale tuliyoyazoea: chunusi, hedhi yenye maumivu, ndoto nyevu, kondomu, rafiki wa kike anayedai simu. Lakini karatasi moja, iliyokunjwakunjwa mpaka ikawa kama hirizi, ilikuwa na swali ambalo sijawahi kulipata shule yoyote. Nalisoma kama lilivyo: "Dada, ndoto yangu nikipata hela ninunue Subaru yenye turbo, ile inayounguruma. Baba anasema ni wazimu. Je, kijana anunue au asinunue?"

Mwenzangu wa kazini alicheka. Akasema hilo siyo swali la afya, lipelekwe gereji. Mimi nikaitia karatasi kwenye pochi. Nimekaa nayo siku nyingi, na leo nataka tuzungumze hilo tu. Na ni swali la afya. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, linasema ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Umri wako umo humo. Wangu pia umo.

Kwanza niseme ukweli, maana vijana hampendi mtu anayejifanya mtakatifu. Mimi napenda magari. Nikiwa darasa la tano nilikuwa natambua gari kwa mlio kabla halijakata kona. Na Subaru kupendwa huku kwetu siyo ajabu, ina historia. Mwaka 1997 Mskoti Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya akiwa na Subaru Impreza. Mwaka 2000 Mwingereza Richard Burns akashinda tena kwa Subaru. Watoto wa Nairobi, Nakuru, Arusha na Moshi walikua wakiangalia zile picha za gari la buluu lenye rimu za rangi ya dhahabu linaruka matuta na vumbi nyuma. Ukimwona kaka wa leo anahangaika kutafuta Impreza iliyochoka, ujue ni yule mtoto.

Ila kuna jambo ambalo picha haikuonyesha. Ndani ya gari lile kulikuwa na fremu ya chuma iliyozunguka dereva kama kizimba, ili likibingirika paa lisishuke kichwani. Dereva na msaidizi wake walivaa helmeti na mikanda inayobana mabega, kiuno na mapaja. Pembeni alikaa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusoma barabara kwa sauti, kona baada ya kona. Na kwa sababu zamani Safari Rally ilikimbiwa kwenye barabara ambazo hazikufungwa, helikopta ziliruka mbele kuwaonya madereva kuhusu ng'ombe, malori na watu. Ile ya kununua kwa dalali haina kizimba, haina helikopta. Ina spika kubwa tu.

Sasa nije kwenye la kwangu. Nina kaka, mtoto wa mama mkubwa. Jina lake silitaji, amenipa ruhusa niseme yote isipokuwa jina. Alikuwa na miaka 23, anauza spea za simu Kariakoo, na biashara ilimkubali. Ni mchapakazi, sijawahi kumwona amelewa. Mtu akiwaambia wanaonunua magari ya namna hii wote ni wahuni, msimkubalie. Huyu hakuwa mhuni. Alikuwa amechoka tu kuonekana mtoto.

Alinunua Impreza ya mkononi kwa shilingi milioni 17. Milioni 5 alikuwa nazo. Milioni 3 alikopa. Milioni 9 alizipata kwa kuuza kiwanja cha Mlandizi ambacho marehemu baba yake alimwachia. Mama mkubwa alipopata habari hakugombana, alikaa kwenye mkeka akasema, "Mwanangu, baba yako alikuwa anakwenda kukifyeka kila Jumapili kwa miguu." Kaka akajibu, "Mama, nitanunua kingine, hela inazunguka." Hapo hapo mtaa mzima ulikuwa nje unalipiga picha.

Wapo waliomwambia aagize Japani, itakuwa safi zaidi. Akapiga hesabu akaacha. Ukiagiza gari dogo Tanzania unalipa ushuru wa forodha asilimia 25, juu yake ushuru wa bidhaa unaopanda kadiri injini inavyokuwa kubwa, juu yake tena nyongeza kama gari ni zee, kisha VAT asilimia 18 ya jumla yote hiyo. Kwa gari kuukuu la injini kubwa, kodi inaweza kufika au kupita bei ya gari lenyewe. Kwa hiyo wengi hununua lililokwisha kuingia nchini, lililopita kwa watu wawili watatu, kila mmoja amelikimbiza kadiri ya roho yake.

Halafu kuna kulilisha. Chukua kalamu. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita, nimeweka namba rahisi. Tuseme kwa siku unatembea kilomita 40, siku 26 kwa mwezi, jumla kilomita 1,040. Gari la turbo kwenye foleni za Dar litakupa kilomita 8 kwa lita ukiwa na bahati: hapo ni lita 130, shilingi 390,000. Kigari cha injini ndogo kinachokupa kilomita 15 kitakula lita kama 69, shilingi 208,000 hivi. Tofauti ya kila mwezi inakaribia laki mbili, na hujaweka oili nzuri inayotakiwa na turbo, wala matairi, wala fundi. Kaka alianza kuegesha nyumbani Jumatatu hadi Ijumaa na kupanda daladala. Jumamosi analitoa, anaosha, anazunguka. Na bima alikata ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga, siyo gari lako, maana kubwa ilimshinda.

Mimi nilikuwa chuo mwaka wa pili. Nilimtetea kwa mama. Nilipenda kushuka kwenye gari lile pale hosteli, nikatembea polepole ili wenzangu waone. Sikununua mimi, lakini nililitumia kama yeye alivyolitumia.

Na hapo ndipo ninapotaka msikie vizuri. Gari ambalo mtu amelinunua ili aonekane, itabidi aliendeshe ili aonekane. Hawezi kuuza kiwanja cha baba yake halafu apitwe na kila mtu kwa mwendo wa 50. Watu watasema, "Aisee, mashine yote hiyo unabembea?" Gari lenyewe linamdai. Hajaanza hata kulipa lile deni la milioni 3, tayari ana deni lingine kwa watu wanaomtazama.

Jumamosi moja tulikuwa tunakuja huku Morogoro kwenye harusi. Tulikuwa wanne. Kaka anaendesha, mpenzi wake mbele, nyuma mimi na rafiki yake wa tangu shule ya msingi. Wa mbele walifunga mikanda kwa sababu ya trafiki. Sisi wa nyuma hatukufunga. Mikanda ilikuwepo, ilikuwa imezama chini ya kiti, na mimi nilikuwa nimevaa gauni la harusi, sikutaka likunjike. Hiyo ndiyo sababu yangu, msicheke.

Tulipopita Chalinze, Mark X nyeupe ikatupita, ikawasha taa za hazadi mara mbili. Wenye magari wanajua maana yake. Rafiki yake akapiga ukelele, "Mwanangu, unakubali?" Mimi sikupiga ukelele, lakini nilicheka. Kaka akakanyaga. Mshale ulipita 120, ukapita 140, ukawa unakaribia 160. Mdomo wangu ulikauka. Nilitaka kusema, "Kaka, punguza." Maneno yalikuwepo hapa kooni. Sikuyasema, kwa sababu niliogopa kuonekana mshamba. Niliogopa hilo kuliko kufa, na hiyo siyo methali, nakueleza hali yangu ya siku ile.

Mbele akatokea baba mmoja na baiskeli ya mkaa, magunia mawili, anavuka.

Hapa niwarudishe darasani kidogo, maana wengi hamjui kwamba mwalimu wenu wa Fizikia anawafundisha mambo ya uhai. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa sekunde. Mwendo wa 160 ni mita 44 kwa sekunde. Mtu akiona hatari, mpaka mguu ufike kwenye breki, huwa imepita sekunde moja hivi. Halafu gari lenyewe lisimame. Kwenye lami kavu na breki nzuri, gari la mwendo wa 50 litasimama baada ya mita kama 28 tangu dereva aone. La mwendo wa 100, mita 84 hivi. La mwendo wa 160 litahitaji karibu mita 190, urefu unaokaribia viwanja viwili vya mpira. Mnaikumbuka nusu ya m mara v mraba? Huo mraba ndio unaoua. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya kugonga inazidi mara nne. Kugonga ukuta kwa mwendo wa 50 ni kama kudondoka kutoka mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Kwa mwendo wa 100 ni mita 39, ghorofa ya 13. Kwa 160 ni mita 100, na sijui kama mmewahi kuona jengo refu hivyo kwa karibu.

Kaka hakuwa na viwanja viwili. Alikanyaga breki, akakata usukani, gari likampiga yule baba kwa ubavu, likatoka nje ya lami likabingirika. Mimi nakumbuka vumbi na harufu ya petroli, na redio inaendelea kuimba.

Waliofunga mikanda, kaka na mpenzi wake, walitoka na michubuko na maumivu ya kifua. Mimi nilivunjika mtulinga na meno mawili, haya mnayoyaona ni ya bandia. Yule baba wa mkaa alivunjika paja, akalala hospitali wiki nyingi mguu umening'inizwa, na watoto wake wanne nyumbani. Rafiki wa kaka alirushwa nje kupitia dirishani. Tulimkuta amelala kwenye majani macho wazi, anaongea vizuri kabisa. Akasema, "Sisikii miguu."

Wananchi wa pale walikuwa wema. Walikimbia na maji na kanga. Walimbeba rafiki yetu, mmoja mikono, mwingine miguu, kama gunia, wakamweka nyuma ya pikapu iliyosimama. Hakuna aliyejua. Siwalaumu, na daktari alituambia hakuna anayeweza kusema kama alikuwa ameshaumia kabisa au kubebwa kuliongeza. Lakini wewe uliyenisikiliza leo ujue. Majeruhi wa ajali anayelalamika shingo au mgongo, au asiyesikia miguu, usimkalishe, usimkunje, usimvute mkono. Piga 112. Piga magoti nyuma ya kichwa chake, kishike kwa mikono miwili kisigeuke huku wala huku, zungumza naye, mfunike asipate baridi. Usimnyweshe maji, huenda akahitaji upasuaji. Kama kuna moto, au ni lazima aondolewe, basi itafutwe mbao au mlango, watu wanne au watano wamgeuze kwa pamoja kama gogo moja, kichwa, mgongo na miguu vikiwa kwenye mstari.

Ndani ya uti wa mgongo unapita mshipa mkubwa wa fahamu, laini, unene wake kama kidole. Ukikatika au kupondwa, kila kilicho chini yake kinapoteza mawasiliano na ubongo. Watu hufikiri kupooza ni kutotembea tu. Ni pamoja na kutojua mkojo umejaa, kwa hiyo unaishi na mpira wa mkojo, na mpira unaleta maambukizi. Ni kutosikia kwamba kalio limelaliwa tangu asubuhi, kwa hiyo ngozi inaoza bila maumivu, na vidonda vile vinaweza kuua. Hospitali walitufundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mama yake aliweka saa ya mlio. Ni kutojua kama utaweza kuwa baba. Alikuwa na miaka 23, swali hilo alimuuliza nesi kwa kunong'ona, akidhani mimi nimelala kwenye benchi.

Sasa mtasema, dada, huyo kaka yako hakujua kuendesha. Hapana, alijua. Na wapo waliojua kuliko yeye. Tarehe 30 Novemba 2013 Paul Walker, yule wa filamu za The Fast and the Furious, alikufa huko California ndani ya Porsche. Hakuwa anaendesha, alikuwa abiria. Aliyeendesha ni rafiki yake Roger Rodas, mtu aliyezoea mashindano ya magari. Wachunguzi walisema gari lilikuwa kwenye mwendo wa kati ya kilomita 129 na 150 kwa saa mahali ambapo mwisho ni 72, na matairi yake yalikuwa na zaidi ya miaka 9. Tarehe 3 Julai 2025, Diogo Jota wa Liverpool, miaka 28, na mdogo wake André Silva walifariki Hispania ndani ya Lamborghini. Polisi walisema tairi lilipasuka wakati wa kulipita gari lingine, na baadaye wakasema dalili zinaonyesha mwendo ulizidi. Jota alikuwa na ndoa ya siku 11. Wale hawakuuza kiwanja cha mtu. Pesa walikuwa nazo, na magari yao yalikuwa bora kuliko yote tunayoyaona hapa.

Matairi, kwa njia, msiyapite hivi hivi, maana Dar yanauzwa yaliyotumika mpaka barabarani. Pembeni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2314, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Linaweza kuwa na meno mazuri na bado limekwisha, mpira unazeeka kama ngozi. Leo mkitoka, angalieni gari la mwalimu.

Nilijiuliza sana kwa nini nilinyamaza. Mimi si bubu, mnaniona. Nilipoanza kazi hii nikakutana na utafiti wa Wamarekani wawili, Margo Gardner na Laurence Steinberg, wa mwaka 2005. Walichukua watu 306 wa rika tatu, wakawachezesha mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine peke yao, wengine wakitazamwa na wenzao wa rika lao. Wenzao walipokuwepo, walicheza kwa hatari zaidi, na hali hiyo ilionekana zaidi kwa vijana kuliko kwa watu wazima. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima "je, nikikosa?", haikomai mapema, huendelea kukua mpaka miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo ukiwa kijana, abiria wako ni kama mguu wa pili kwenye eksileta. Yule rafiki aliyesema "Mwanangu, unakubali?" alikuwa anaendesha. Mimi niliyecheka nilikuwa naendesha.

Wengi wenu hamtanunua gari la mbio mwaka huu wala mwaka kesho. Lakini wote mtapanda la mtu. Basi jizoezeni maneno mapema, kama mnavyojizoeza kukataa mambo mengine tunayozungumza hapa. Usianze na hotuba. Sema, "Kaka, nataka kutapika, simama." Dereva yeyote anayependa viti vyake atasimama. Ukishashuka, hulazimiki kurudi. Nauli ya basi iweke kwenye soksi kabla hujatoka nyumbani. Na mkanda wa nyuma uchimbue huko ulikozama, hata kama umevaa gauni la harusi.

Dada zangu, kwenu nina la pembeni. Mnalijua: kioo kinashuka, muziki mzito, "mrembo, nikusogeze?" Matangazo ya redio ya Fataki yaliyovuma kuanzia mwaka 2008 yaliwachekesha watu, lakini yule wa kwenye gari hakuwa wa kuchekesha. Gari halikuambii kama mwenyewe ana mke, ana deni, ana virusi, au kama amelilipia. Mpenzi wa kaka, yule aliyekaa mbele, aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kumpenda kaka mpaka alipouza mabaki ya gari na kuanza kumlipia yule baba wa mkaa matibabu. Hilo lao, sitaki kuingilia.

Narudi kwa mwenye karatasi. Uko hapa au haupo, sijui, na usinyooshe mkono. Baba yako anasema ni wazimu. Mimi sisemi hivyo. Kupenda kitu kilichotengenezwa vizuri siyo wazimu. Ila kwanza hela iwe yako kweli, siyo kiwanja, siyo ada ya mdogo wako, siyo ya kukopa. Bima iwe kubwa. Uwe umeshaendesha kigari cha kawaida kwa miaka, mvua na jua, umekwama, umepitwa na kila mtu na usijali. N'Golo Kanté alikuwa bingwa wa Uingereza na Leicester na tena na Chelsea, na bado alikuwa anakwenda mazoezini na Mini Cooper, wala hakuna aliyemwona mdogo. Halafu jipime hivi: lile Subaru likiwa lako, unaweza kupita Chalinze kwa 50 Jumamosi mchana, watu wamejaa barabarani, Mark X imekuwashia taa, na usisikie chochote moyoni? Kama ndiyo, nunua, na mimi nitaomba lifti. Kama siyo, usinunue mwaka huo. Subiri mwaka mwingine ujipime tena.

Najua utauliza, na kaka je? Hana gari. Ana deni lililobaki la hospitali ya watu wawili, analipa kila mwezi. Rafiki yake anatengeneza simu kwenye kibanda kile kile cha Kariakoo, kaka ndiye anayemsukuma asubuhi na jioni. Kiwanja cha Mlandizi kimejengwa nyumba ya mtu, ina geti jekundu. Mama mkubwa akipita na basi huangalia upande wa pili. Kabla ya kuja hapa nilimpigia kaka, nikamuuliza niwaambie nini. Alinyamaza, akasema, "Waambie yote. Lakini usiwadanganye kwamba halikuwa zuri. Lilikuwa zuri sana."

Sanduku la maswali tumelirudisha pale karibu na maktaba. Kama sijakujibu vizuri, andika tena.